Kituo cha Ku Maharagi

Mimi ni mwanamke wa hasira, na sioni haya kusema. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema watoto wengine walizaliwa wakilia, mimi nilizaliwa nikigomba. Kwa hiyo asubuhi ile nilipofika kufungua depo yangu na kukuta wanaume wamechimba shimo mbele ya mlango, sikuwasalimu.

"Munazika nani hapa?"

Mmoja akacheka, akaegemea koleo lake. "Hatuziki mutu, mama. Tunapanda panneau."

Kweli, kando yao, juu ya mawe meusi ya volkano, kilikuwa kimelazwa kibao cha chuma cha buluu, kimeandikwa ARRÊT BUS na kuchorwa basi. Walikuwa na ndoo ya rangi ya manjano pia. Ukingo wa barabara ulikuwa umeshapakwa kutoka kona ya jirani mpaka mwisho wa ukuta wangu, na rangi yenyewe bado mbichi. Nilikanyaga bila kujua, nikaingia ndani ya depo na nyayo za manjano.

Depo yangu ni ya maharagi. Iko kwenye barabara inayotoka mjini, inapita juu ya Himbi na kuelekea Lac Vert hadi Sake. Maharagi yananunuliwa Kalengera na vijiji vya jirani. Kamio, yaani lori la mizigo, inaingia Goma asubuhi, inarudi nyuma taratibu mpaka tako lake liko mlangoni, na mifuko inashuka moja kwa moja ndani bila kugusa matope. Sisi watu wa Butembo tunajua biashara hii tangu mgongoni mwa mama zetu: mwuzaji wa jumla hana mali nyingine zaidi ya mlango ambao gari linaufikia. Mlango wangu gari halitaufikia tena. Nilielewa hilo kabla wale wanaume hawajamaliza kushindilia udongo.

Na kanuni iliyokileta kibao kile haikuwa mbaya, nataka iwe wazi. Kabla yake basi zilisimama popote mtu alipoinua mkono, pikipiki zikajaza nafasi iliyobaki, na kamio zikashusha saruji saa ile ile watoto wanatoka shule. Jumamosi moja baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, tukiwa bado na majembe na mafagio mkononi, chef wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, alitukusanya akatueleza kwamba mji umeamua kupanga barabara zake. Basi zitasimama penye kibao tu. Kamio zitashusha pale tu ambapo hapajapakwa manjano. Atakayeshusha mzigo kwenye kituo cha basi, gari lake litakokotwa na atalitafuta polisi. Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Nilipiga kwa nguvu mpaka jirani yangu akageuka kuniangalia.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa mtaa wetu analijua na hakuna aliyewahi kuliandika. Huku kwetu kituo hakipewi jina na ofisi. Kinaitwa kwa kile watu wanachokiona: Ku Kanisa, yaani penye kanisa, Ku Shimo, Ku Mabati. Konvoyeri, yule anayening'inia mlangoni mwa basi, anapiga bodi kwa kiganja na kuita jina, na wenye kushuka wanajiandaa. Kituo chetu kinaitwa Ku Maharagi, na maharagi ni yangu. Najivuna nalo, kwa nini nifiche? Ila hakuna basi lililowahi kusimama mbele ya depo yangu. Litasimamaje, na kamio yangu iko pale asubuhi nzima? Basi linaipita kamio, linapanda kidogo, linasimama mbele penye uwanja mpana, karibu na robine ya maji ambapo akina mama wanapanga bidoni, yale madumu yao. Na hapo hapaitwi Ku Robine kwa sababu Ku Robine ipo nyingine kule chini, nayo ilitangulia. Ukisema unashuka Ku Maharagi, unashuka kwenye robine. Hata mgeni anajifunza hilo kwa safari moja.

Basi wakaja wakapanda kibao mlangoni kwangu, na rulaji mmoja, polisi wa barabara, akawekwa kukilinda. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye filimbi kubwa kuliko mdomo wake. Abiria waliendelea kusubiri kwenye robine na basi ziliendelea kuwachukua huko. Yeye hakuwa na habari nao. Kazi yake ilikuwa kufukuza kamio. Kamio ya kwanza ilipoanza kurudi nyuma kwangu, alipuliza filimbi mpaka macho yakamtoka. Dereva akakimbia na mzigo wangu, nami nikabaki nimesimama barabarani mikono kiunoni, mbele ya kituo cha basi kisicho na abiria hata mmoja.

"Angalia," nilimwambia yule rulaji. "Unaona mutu hapa anayengojea basi?"

"Mama, mie sichungi batu. Nachunga panneau."

"Basi uichunge vizuri, isikimbie!"

Nilijaribu kutii. Nilishushia mzigo mbali, kwenye uwanja wa mawe ya lava ambapo kamio ziliruhusiwa, na watu wa chukudu wakaleta mifuko kwa zamu juu ya yale magari yao ya mbao. Ni watu wa nguvu, sina la kuwalaumu. Lakini mvua ya Goma haipigi hodi. Ilitukuta katikati ya njia, na baada ya siku chache nilifungua mfuko nikakuta maharagi yameota, kila punje na kamkia keupe. Nilikaa chini pale pale nikalia. Wateja wakaanza kununua kwingine, nao madereva wakaanza kusahau namba yangu ya simu.

Mwenye nyumba naye akaja. Ni baba mmoja mpole, au papa kama tusemavyo huku, wa upande wa Bukavu, karani wa ofisi, tunaimba naye kwaya moja parokiani. Alizungukazunguka maneno mpaka nikachoka.

"Papa, sema tu. Mimi siyo maiti."

"Mama, sina ubaya na wewe. Lakini depo isiyofikiwa na kamio ni chumba kitupu. Kuna mutu anataka kuweka farmasi hapa. Yeye anafurahi basi ikisimama kwa mulango."

Miaka yote ile ya kuamka kabla ya jogoo, ya kuchagua punje kwa punje mpaka watu wa Kalengera waliponiamini kunipakilia mavuno yao bila kuja wenyewe, yote ingegeuka rafu za vidonge kwa ajili ya kibao kimoja. Kesho yake nilivaa kitenge changu cha sikukuu, kile ninachovaa nikitaka kugombana kwa heshima, nikaenda ofisi ya mji.

Mkubwa wa mambo ya usafiri alikuwa mtu wa tai na miwani, mwenye adabu. Alinipa kiti. Watu wengine walikuwa wamejaa kwenye benchi nyuma yangu wakisubiri zamu yao, wote masikio wazi. Nikaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mikono juu ya meza.

"Mama, sisi hatukupanda panneau ovyo. Tulituma batu kuuliza abiria wa ile barabara. Bote walisema: arrêt iko Ku Maharagi. Ni kweli ao si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi tukatafuta maharagi. Maharagi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Umeona sasa?"

Benchi zima lilicheka. Nilihisi damu inanipanda mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Nikajaribu kumweleza kuwa jina liko kwangu na kituo kiko kwenye robine. Akaniangalia kwa huruma, namna unavyomwangalia mtu anayesema mguu unamuuma huku anashika mkono.

"Mama, kama arrêt inaitwa Ku Maharagi na inasimama ku robine, juu ya nini batu wasiseme Ku Robine?"

"Juu Ku Robine iko ingine!"

Wakacheka tena, na sasa naye alicheka. Hapo nikashindwa kujizuia. Nikasimama.

"Papa, wewe unapita barabara yetu kila siku ndani ya jeep, vioo vimefungwa. Acha jeep nyumbani siku moja. Panda basi kule mwanzo, basi yoyote, saa yoyote ya asubuhi. Usiseme wewe ni nani. Sema tu unashuka Ku Maharagi. Pale watakapokushusha, panneau ikae pale."

Hata wale wa benchi waliacha kucheka.

"Na wakinishusha mbele ya mulango yako?"

"Wakikushusha kwa mulango yangu, nafunga depo siku ile ile, na hautaniona tena hapa."

Nilisema, na neno likishatoka halirudi. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Kesho kutwa," akasema. Nadhani hakutaka benchi lile limwone ameogopa kupanda basi.

Jioni nilimwambia mwenye nyumba. Alijishika kichwa. "Eeh mama, umeweka depo yako mikononi mwa konvoyeri?" Kisha akasema, kwa upole wake ule ule, kwamba kesho kutwa saa sita mchana atapita na mtu wa farmasi. Wakikuta depo tupu, mtu yule atapima rafu zake. Nikasema sawa. Nilimpigia simu dereva wa zamani, nikambembeleza, nikamtukana kidogo, nikambembeleza tena, mpaka akakubali kupakia Kalengera mara moja ya mwisho. Alisema atangojea ng'ambo ya barabara, injini ikiwa inanguruma. Mambo yakiharibika, anaondoka na mzigo, anauza kwa mfanyabiashara mwingine, na mavuno yanayofuata yatakwenda huko huko.

Siku ilifika. Kamio ilikuja, ikasimama ng'ambo, imejaa mpaka juu, turubai limefungwa kwa kamba. Nilisimama mlangoni mwangu nikijisemea kwamba hakuna cha kuogopa, basi zitafanya kile zinachofanya kila siku. Kisha nikamwona rulaji. Alikuwa amepiga viatu rangi. Mtu alikuwa amemnong'oneza kwamba leo mkubwa atapita, basi yeye, ambaye tangu apewe kazi hiyo hajawahi kuligusa basi, aliingia katikati ya barabara, akainua mkono, akapuliza. Basi la kwanza likasimama. Penye kibao. Mlangoni kwangu.

Mawee, mama yangu! Hakuna aliyeshuka, basi likaendelea mpaka robine, lakini lilikuwa limesimama. La pili, hivyo hivyo. Na la tatu. Nilimfuata, nikamwambia, "Papa, unafanya nini? Siku zote uliacha basi zipite!" Akasema bila kunitazama, "Njo sheria, mama. Basi inasimama ku panneau." Na alikuwa na haki. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, mimi mwenyewe niliipigia makofi. Dereva wangu ng'ambo alitoa kichwa dirishani akanionyesha saa yake. Nilitaka kulia, nilitaka kuing'oa ile filimbi na meno yake pamoja. Nilirudi mlangoni nikaanza kusali Salamu Maria, nikawa nasahau maneno ninayoyajua tangu utotoni.

Likaja basi moja lililojaa sana, limeinama upande mmoja. Konvoyeri wake, mwanaume mwenye mvi ndevuni, alikuwa ananing'inia mlangoni. Filimbi ikalia. Basi likasimama mbele ya kibao, mlango ukiwa umenielekea kabisa, na ndani, kati ya mama mwenye kapu la kuku na kijana mwenye godoro, niliiona tai.

Mkubwa akanyanyuka. Akashika chuma, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Alikuwa anashuka! Konvoyeri akamzuia kwa mkono kifuani.

"Papa, unaenda wapi?"

"Nashuka. Si nilikuambia Ku Maharagi?"

"Hapa siyo Ku Maharagi."

"Panneau hii hapa. Maharagi haya hapa." Alininyoshea kidole, mimi na mlango wangu.

"Eh, papa! Hapa ni Ku Polisi," konvoyeri akasema. "Hapa tunasimama tu juu anapuliza. Hakuna mutu anashuka hapa."

Mkubwa akataka kubishana, na hilo lilikuwa kosa lake, maana ndani ya basi la Goma hubishani na mtu mmoja. Mama wa kuku alipaza sauti kutoka nyuma yake: "Papa, uko mugeni? Kaa chini, unatuchelewesha! Ku Maharagi iko kule mbele, ku robine!" Mwingine akasema, "Mie nashuka Ku Maharagi tangu niolewe, sijawahi kukanyaga hapa." Kijana wa godoro akaongeza kwamba akishuka hapa atalibeba godoro lake mpaka lini, na basi zima likaanza kupiga kelele: "Songa! Songa! Twende!" Mtu akapiga bodi. Dereva, polisi au si polisi, akaachia breki.

Lilipita mbele yangu na mkubwa bado mguu mmoja uko kwenye ngazi, konvoyeri amemshika mkanda asianguke. Likapanda. Konvoyeri akapiga kiganja: "Ku Maharagi! Ku Maharagi, banashuka!" Na penye robine likamwaga watu: mama na kuku, godoro, wanafunzi, watu wa bidoni wakisogea kuwapisha, na katikati yao mtu wa tai, amesimama peke yake, anageuka nyuma na kutazama chini barabarani, mbali kule kwenye kibao chake cha buluu ambapo hapakuwa na mtu yeyote ila rulaji.

Nilipiga vigelegele. Nilivipiga na umri wangu huu, na kitenge changu cha sikukuu, mpaka wale wa robine wakaitikia bila kujua tunashangilia nini. Sijawahi kufurahi namna ile, hata siku ya arusi yangu, na mume wangu anajua.

Mkubwa alishuka barabara kwa miguu. Alikuwa na unyoya wa kuku begani. Watu walikuwa wamemfuata, kwa sababu habari ilishaenea kwamba ndiye aliyepanda kibao. Alisimama mbele yangu akihema.

"Mama," akasema, "wale batu niliowatuma kuuliza walifanya kazi vizuri."

"Ndiyo, papa. Na waliojibu walijibu vizuri."

"Ni mimi ambaye sikuja kuona." Akamgeukia rulaji. "Kamio ile ng'ambo, ivushe. Ishushe mzigo hapa. Asubuhi hapa ni pa kushushia, mpaka adhuhuri. Baada ya adhuhuri, mama, sitaki kuona gurudumu."

"Hautaliona," nilisema, na nimeshika neno langu mpaka leo. Saa ile ikifika mimi ndiye ninayefukuza kamio, na nafukuza vibaya kuliko polisi.

Alisema kibao kitahamishiwa penye robine, wafanyakazi watakuja kesho. Lakini watu wa chukudu waliokuwa pale hawakutaka kungojea kesho. Kibao kilikuwa kimeshindiliwa udongo tu, bila saruji. Walikitikisa kushoto, wakakitikisa kulia, kikatoka na donge lake la udongo, wakakilaza juu ya chukudu na kukipandisha mpaka robine huku watu wanaimba nyuma yao. Mkubwa alifanya kama hajaona. Rulaji alitembea mbele ya msafara akipuliza filimbi kufungua njia, na nakiri kwamba siku hiyo ilipulizwa vizuri.

Kamio yangu ikavuka. Ikarudi nyuma, taratibu, dereva ametoa kichwa nje, mimi nikimwelekeza kwa mikono miwili, njoo, njoo, njoo, hapo. Turubai likafunguliwa na ile harufu ya maharagi makavu ikanijia puani. Nilipokea mfuko wa kwanza kwa mikono yangu, nikajiumiza mgongo, sikujali. Watu waliokuwa wamekuja kutazama waliingia kwenye mstari bila kuombwa, mifuko ikapita mkono kwa mkono, ikapangwa mpaka darini, kisha kwenye kijia cha katikati, kisha hata nyuma ya meza yangu ya mizani, kwa sababu dereva, kumbe, alikuwa amepakia na mavuno ya vijiji vya jirani.

Saa sita mchana mwenye nyumba alitokea na mtu wa farmasi. Huyu alikuwa na mita ya kupimia mkononi, ameshaifungua. Walifika mlangoni wakasimama. Mwenye nyumba alijaribu kuchungulia juu ya mifuko, akachungulia na kando, hakukuwa na mahali pa kupitisha hata kichwa. Akanigeukia, na ndevu zake zilikuwa zinatetemeka kwa kicheko alichokizuia.

Mimi nilikuwa nimekaa nje juu ya mfuko, nimelowa jasho, vumbi la maharagi mpaka kwenye kope. Niliinuka kwa heshima zote.

"Muniwie radhi, bapapa," niliwaambia. "Leo siwezi kuwakaribisha ndani. Nyumba imejaa."